Nani Anazima Mtandao Wetu

Jumatatu, 3 Machi

Masika imeshuka leo mchana, na mtandao umekatika. Nilikuwa nafundisha. Mwanafunzi wangu Mjerumani alikuwa anahangaika kutamka "ng'ombe", picha yake ikaganda mdomo ukiwa wazi, na haikurudi tena.

Nimeamua kuandika ili nijue mtandao unakatika lini, na unapokatika nani yuko wapi. Nikikosa mtandao sina kazi. Tangu nirudi hapa Nyangoto kumtunza Baba, baada ya pikipiki kumvunja mguu, naishi kwa kufundisha wageni Kiswahili kwa video. Simu hapa nyumbani haishiki vizuri, lazima upande kule kwenye mwinuko wa barabara. Kwa hiyo tuliweka dishi dogo juu ya bati, likiangalia mnara wa simu. Waya unashuka hadi kwenye ruta, juu ya kabati la sebuleni, na hapo waifai inatufikia wote: mimi na Baba kwenye nyumba kubwa, kaka yangu Joel na mkewe Neema ng'ambo ya ua, na wapangaji wetu wa vyumba vya getini, Owiti na mkewe Dorka. Owiti anauza mitumba mnadani, Dorka anashona. Malipo tunachangia.

Watu wote hao, na mtandao mmoja.

Jumanne, 4 Machi

Jua. Mtandao mzima siku nzima. Sijui kama nifurahi.

Jumamosi, 8 Machi

Ugonjwa mmoja nimeupata. Nimeegesha ngazi, nikaufuata waya kutoka kwenye dishi kwa mkono, kidogo kidogo, mpaka chini ya bati. Pale mafundi walipounganisha palikuwa pamejaa maji na kutu ya kijani. Nimekata, nimeweka kichwa kipya, nimefunga nailoni na utepe wa umeme, na waya nimeuachia uning'inie kidogo ili maji yadondoke kabla hayajafika kwenye kiungo.

Dorka alinishikia ngazi. Owiti alisimama kibarazani na kikombe cha chai, akatazama kila nilichofanya.

"Mwalimu," akasema, "ile paswedi ya ndani ya ruta yenyewe, bado ni ileile ya mafundi?"

"Ni ileile."

"Mm." Akanywa chai yake.

Siku ya kufunga ruta tulikuwa naye, aliiona ikiandikwa. Lakini kwa nini aulize leo?

Jumatano, 12 Machi

Mjerumani ameniandikia: "Samahani kwa jana, wifi yangu ilikatika." Nimemweleza kwamba wifi ni mke wa kaka yangu, na akikatika ni msiba. Neema amecheka mpaka akakaa chini.

Ijumaa, 14 Machi

Wakili ametupigia. Baraza la ardhi limekubali Baba atoe ushahidi kwa video, kwa kuwa hawezi kupanda gari na mguu ule. Ni Alhamisi ijayo.

Kesi ni ya shamba la Nyakunguru. Babu alilimiliki, na kwa miaka mingi baba yetu mdogo, Nyamhanga, ndiye amekuwa akililima. Baada ya wachimbaji wadogo kuona dhahabu kando yake, Joel akasema mkubwa wa nyumba ni Baba na shamba ni letu. Kesi aliifungua Joel mwenyewe, Baba akiwa bado wodini. Joel ana matumaini makubwa na shamba lile. Hana lingine la kuwaachia watoto wake.

Baba aliposikia habari ya video aliuliza tu, "Na mimi nitawaona?"

"Utawaona wote, Baba. Mwenyekiti, wakili, na baba mdogo."

Akaomba maji ya kunywa.

Alhamisi, 20 Machi

Sijui nianzie wapi. Baraza waliagiza shahidi akae peke yake chumbani, asiwepo mtu wa kumnong'oneza. Nikamketisha Baba kwenye kiti chake sebuleni, mguu juu ya stuli, fimbo mkononi, kompyuta mbele yake. Nikamwonyesha pa kutazama. Nikatoka, nikafunga mlango, nikakaa kibarazani na Joel.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Tulisikia sauti ya mwenyekiti ikimwita jina. Tukasikia Baba akiitika. Akaambiwa anyanyue mkono wa kulia ale kiapo. Kisha kimya.

Nilipoingia, skrini ilikuwa inazungukazunguka. Baba alikuwa ameketi vilevile. "Wameondoka," akasema.

Ruta ilikuwa inawaka taa zake zote. Baada ya muda mtandao ukarudi wenyewe, lakini baraza lilikuwa limeshaahirisha hadi Aprili. Joel ameupiga ukuta teke, na sasa anachechemea kama Baba.

Nimekagua kiungo changu juu ya ngazi. Kikavu kabisa.

Jumamosi, 22 Machi

Nimepata ugonjwa wa pili, na huu una mwenyewe.

Tangu Alhamisi kompyuta yangu inashika waifai vizuri lakini haifiki popote. Nikizima na kuwasha inafika, kisha inapotea. Leo nimetazama namba iliyopewa. Kila chombo kinachoingia kwenye mtandao wa nyumba hupewa namba na ruta, ndiyo anwani yake. Namba niliyoikuta si ya familia ya namba zetu. Maana yake kuna ruta nyingine humu uani inagawa namba, na anayepokea namba yake anapelekwa njia isiyo na mlango.

Nikaenda kuchomoa waya mmoja mmoja. Nilipochomoa unaokwenda getini, kila kitu kikatulia.

Chumbani kwa Owiti, nyuma ya cherehani, palikuwa na ruta kuukuu, nyeusi.

"Nimeitoa Kenya, Migori, kwa shemeji yangu," Owiti akasema. "Dorka alikuwa hapati waifai huku ndani. Nikachomeka tu."

"Umechomeka lini?"

"Wiki hii."

"Siku gani ya wiki hii?"

Akanitazama. "Mwalimu, sikuandika."

Nimeiingia ile ruta, nimezima ugawaji wake wa namba, na waya nimeuhamishia tundu linalofaa. Sasa inapitisha tu. Owiti alikubali kila kitu bila ubishi. Joel anasema mtu asiye na kosa hubisha kidogo.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua. Palizi. Mtandao mzima.

Jumapili, 6 Aprili

Baada ya ibada nilipitia sokoni kununua dagaa. Kwenye kibanda cha chai nimemwona Owiti ameketi na Baba mdogo Nyamhanga. Vichwa vilikuwa karibu. Owiti aliponiona akanyanyua mkono na kunisalimu kwa furaha, kama mtu asiyeficha kitu, au kama mtu anayejua kuficha.

Nilimwamkia Baba mdogo, shikamoo. Akaitikia marahaba, akauliza mguu wa kaka yake unaendeleaje. Nikamjibu kifupi.

Jioni nimemweleza Joel. Baba alikuwa anasikiliza kutoka kitini kwake.

"Nyamhanga alikuwa amevaa nini?" akauliza.

Swali la ajabu. Nikamwambia koti la mvua, jipya.

"Vizuri," Baba akasema. "Kifua chake hakipendi baridi."

Jumanne, 15 Aprili

Umekatika tena.

Hakukuwa na tone la mvua. Asubuhi nilikuwa nimekagua dishi, viungo, ruta, namba. Nimefundisha somo zima bila mkwaruzo ili kuujaribu. Baba akaketishwa kama mara ile, mlango ukafungwa. Safari hii alikula kiapo mpaka mwisho. Wakili akamwuliza, "Mzee Wangwe, lieleze baraza, shamba la Nyakunguru ni la nani?" Baba akakohoa. Akakohoa tena. Kisha sauti zikakatika zote.

Mwenyekiti amesema tarehe ya mwisho ni 15 Mei. Asiposikika siku hiyo, ushahidi wake unafungwa na kesi itaamuliwa bila yeye. Bila yeye hatuna kesi.

Jumatano, 16 Aprili

Jana sikulala vizuri, ila leo nina kitu mkononi.

Ruta ina ukurasa wake wa ndani unaoonyesha imewaka tangu lini. Niliufungua jana mara tu baada ya mtandao kurudi, nikaupiga picha. Ilikuwa ndiyo kwanza imewaka. Lakini umeme haukukatika, kwa sababu redio ya Neema haikunyamaza hata kidogo, tuliisikia kutoka kibarazani. Kwa hiyo ruta haikuzimika yenyewe. Kuna aliyeizima na kuiwasha.

Na ruta huweza kuamriwa hivyo na simu yoyote iliyo kwenye mtandao wetu, mradi mtu ajue ile paswedi ya ndani. Ile ya mafundi. Ile ambayo sikuibadilisha. Ile aliyoniulizia Owiti nikiwa juu ya ngazi.

Jana Owiti hakwenda mnadani. Alisema tumbo linamsumbua.

Alhamisi, 17 Aprili

Joel aliwaita Owiti na Dorka uani. Mimi nilikuja na picha yangu kwenye simu.

Nilieleza polepole, kama ninavyoeleza ngeli. Owiti alisikiliza mpaka nilipomaliza.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Paswedi tunaijua wawili."

"Niliuliza ile siku ili uibadilishe, mwalimu. Kule kwa shemeji waliingiliwa kwa sababu ya paswedi ya mafundi."

"Na Nyamhanga?" Joel akauliza. "Mlikuwa mnazungumza nini?"

"Makoti. Ananunua makoti ya mvua kwangu, ya kwake na ya vijana wanaomlimia. Mtu akinunua koti simwulizi ana kesi na nani."

Dorka alikuwa amesimama nyuma yake, utepe wa kupimia ukiwa shingoni. Tangu afike hapa hajawahi kuniinulia sauti, na hata leo hakuinua. "Mwalimu, umemwona kwa macho yako akifanya hivyo?"

"Nimeona kwenye ruta."

"Ruta ilikutajia jina?"

Joel ndiye aliyejibu. Alisema Wajaluo wa mpakani wana ndugu pande mbili na hawana aibu upande wowote. Nilisikia ubaya wa maneno hayo yakiwa bado mdomoni mwake, nami sikuyakataa.

Baba aliita kutoka ndani, "Waacheni hao watu."

Tukadhani ni huruma ya mzee. Joel akawapa mpaka mwisho wa mwezi wawe wamehama.

Jumamosi, 19 Aprili

Hawakungoja mwisho wa mwezi. Gari dogo limekuja asubuhi, wakapakia cherehani, magunia ya mitumba, ile ruta nyeusi. Owiti aliingia kumuaga Baba na akakaa naye kitambo. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Mimi alinipa mkono, akasema, "Haya, mwalimu."

Kwenye ngazi ya nyumba nimekuta gauni langu, lile nililompa Dorka alipunguze kiuno. Amelimaliza, amelipiga pasi.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Baba amekataa nyama.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimebadilisha paswedi zote. Mtandao unakwenda kama maji. Joel anatembea uani akisema, "Unaona?" Neema alikuwa anapepeta ulezi. Akasema, bila kuinua kichwa, "Hata wakiwepo ulikuwa unakwenda. Ulikuwa unakufa siku za baraza tu."

"Kwa sababu ndizo alizotaka," Joel akamwambia.

Neema akaendelea kupepeta.

Ijumaa, 9 Mei

Joel anaogopa Nyamhanga atapata mtu mwingine. Tumekubaliana niihamishe ruta chumbani kwangu, kwenye kufuli, na ufunguo nikae nao. Nimevuta waya juu ya dari, nimetoboa ukuta, nimefunga. Waifai inafika sebuleni bila shida.

Baba aliona kabati tupu. "Kile kitaa chako umekipeleka wapi?"

"Chumbani kwangu, Baba. Sasa hakuna atakayekigusa."

Baadaye akamwita Joel. "Mura, kijana wangu, nataka kumwona Nyamhanga kabla ya siku hiyo."

"Baada ya kesi, Baba. Wakili amekataza."

"Wakili ni mtoto wa nani?"

Joel alicheka, akidhani ni utani. Mimi nilimtazama Baba, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba anaogopa. Nikajiambia anaogopa kompyuta.

Alhamisi, 15 Mei

Naandika jioni hii, na Joel bado hajarudi.

Nilimketisha Baba. Nikatoka. Joel hakuweza kukaa, akawa anazunguka ua. Mimi nilisimama kibarazani, karibu na dirisha, pazia likiwa limeacha upenyo.

Mwenyekiti alimkumbusha kiapo chake. Wakili akarudia swali lile lile, shamba ni la nani. Baba akakohoa.

Kisha nikaiona fimbo yake. Ilitoka kwenye goti, ikashuka taratibu kando ya kiti, ikaenda chini ya kabati hadi kwenye ile ekstensheni ya runinga, pale ruta ilipokuwa ikichomekwa zamani. Ncha ya fimbo ikatafuta swichi na kuibonyeza. Taa nyekundu ya swichi ikazimika. Alifanya vile kama mtu anayezima taa ya chumbani kwake, bila kuangalia, mkono ukiwa umezoea.

Kompyuta ilikuwa na chaji. Ruta ilikuwa chumbani kwangu. Nyuso za watu zikabaki palepale zikimtazama.

Akabonyeza tena. Na tena.

"Mzee Wangwe," mwenyekiti akasema, "unatusikia?"

Nilitamani mvua inyeshe. Nilitamani dishi lianguke. Nilikuwa na ufunguo mfukoni, ningeweza kukimbia chumbani na kumzimia mwenyewe, na nilikuwa nimeshapiga hatua Baba aliposema, "Nawasikia."

"Shamba ni la nani?"

"Ni la mdogo wangu. La Nyamhanga."

Wakili wetu alijaribu kumkatiza. Mwenyekiti akamzuia. Baba akaendelea kwa sauti ya kawaida, ileile anayoombea chakula. Alisema dada yao Waisiko alipoolewa, ng'ombe wa mahari yake walikuwa wamepangwa kumwozesha Nyamhanga. Lakini Baba alikuwa mkubwa na alikuwa amempenda mama yetu, na wakwe walikuwa hawangoji. Ng'ombe wakaenda kwa wakwe hao. Babu akamwita Nyamhanga mbele ya ndugu, akampa shamba la Nyakunguru badala ya ng'ombe wale.

"Mke wangu aliletwa na ng'ombe wa mdogo wangu," Baba akasema. "Watoto wangu wote wametoka hapo. Siwezi kumchukulia na shamba."

Kwenye skrini Baba mdogo alikuwa amefunika uso kwa kofia yake.

Joel alisikia yote kutoka mlangoni. Hakuingia. Aliiwasha pikipiki na kuondoka.

Niliingia, nikapiga magoti mbele ya kiti.

"Baba, kwa nini hukutuambia?"

"Joel ndiye aliyenibeba mgongoni kunipeleka hospitali. Nilipoamka alikuwa ameshafungua kesi, akaniletea karatasi nitie dole gumba, na alikuwa na furaha. Ningesema nini? Nikakubali. Halafu wakataka niape." Akaitazama fimbo. "Nikaona kitaa kikizimika, wanaondoka. Basi."

"Na Owiti?"

Hapo ndipo alipolia. "Siku ya kuondoka nilimwambia ukweli. Akasema, mzee, nyamaza, usije ukagombana na watoto wako na mguu huo. Sisi tutapata nyumba nyingine."

Ijumaa, 16 Mei

Joel amerudi asubuhi, amelowa. Amepita mlango wa Baba bila kuamkia. Wakili ameandika kwamba kesi inaondolewa.

Nimetembeza macho kwenye yote niliyoandika tangu Machi. Nimemwandika Owiti kila mahali. Sebuleni, Baba ndiye pekee aliyekuwa ndani mlango ukiwa umefungwa, mara zote, na mimi ndiye niliyeufunga.

Jumapili, 18 Mei

Baba mdogo Nyamhanga amekuja na kuku. Wamekaa na Baba mchana kutwa wakizungumza Kikurya cha zamani ambacho nusu yake sikukielewa.

Jumamosi, 24 Mei

Joel hajasema neno na Baba tangu siku ile. Neema ndiye anayevuka ua na chakula. Leo maji ya moto ya kuosha mguu yalikuwa tayari, nami nilikuwa na somo. Nilipotoka nikamkuta Joel amechuchumaa sebuleni, amekunja mikono ya shati, anamwosha. Aliosha mpaka vidoleni, akamfuta kwa kanga ya Neema, akamwaga maji nje, akaenda zake shambani.

Jumamosi, 31 Mei

Nimekwenda Sirari, mpakani, walikohamia Owiti na Dorka. Haikuwa vigumu kuwapata, kila mtu anamjua Owiti wa makoti. Wamepanga chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, na unga umeingia mpaka kwenye vitambaa vya Dorka.

Nilisema nililokwenda kusema nikiwa nimesimama. Nilisema nilimshuku mtu kwa sababu aliuliza swali zuri, na kwamba Joel alipowatukana nilikaa kimya, na kwamba hilo la kukaa kimya halikuwa kosa la ruta. Niliwaomba warudi. Vyumba bado vitupu.

Owiti alivuta stuli akanipa. "Hapa tumeshaanza, mwalimu. Wateja wangu wako hapa mpakani. Ila nashukuru."

"Joel amesema atakuja mwenyewe."

"Aje." Akafikiri kidogo. "Asije akiwa na njaa, hapa kwa Wajaluo tunakula samaki tu."

Dorka hakuwa amesimamisha cherehani muda wote niliokuwa nikizungumza. Sasa aliisimamisha, akaniletea chai, akauliza mguu wa Baba unaendeleaje. Nikamwambia anatembea hadi getini. Akafurahi kweli, niliona.

Nilipoaga alinisindikiza mpaka barabarani. Nilianza tena kuomba msamaha, naye akanishika mkono.

"Siku nyingine ukija, njoo kututembelea," akasema. "Hilo la leo tusilirudie. Kwangu bado linauma, mwalimu, na wewe ukilirudia nitalazimika kukwambia haliumi."

Nikamwambia nitakuja kutembea. Akaniachia mkono, akarudi kwenye kazi yake.